Je, mtoto wa shule ya msingi anahitaji mazoezi ya mwili, au ni kumpotezea muda wa kusoma?

MamaWaMakorora (muulizaji)

Assalamu alaikum, na habari za jioni ndugu zangu wote mnaosoma hapa. Mimi ni mkazi wa Makorora, Tanga mjini, na nina watoto wawili: wa kiume yuko darasa la nne, na dada yake, mwenye umri wa miaka 11, yuko darasa la sita. Siku yao imejaa kuanzia alfajiri. Bajaji inawachukua mlangoni na kuwashusha kwenye geti la shule, baada ya vipindi wanabaki kwa masomo ya ziada, wakitoka huko wanapitiliza madrasa, na wanapofika nyumbani magharibi imeshaingia. Wakishaoga na kula wanafanya kazi walizopewa na mwalimu, na muda unaobaki wanaumalizia kwenye simu ya baba yao. Jumamosi na Jumapili hawana pa kuchezea, kwa kuwa kiwanja kilichokuwa nyuma ya nyumba zetu kimejengwa fremu za maduka, na barabarani bodaboda hazipunguzi mwendo hata zikiona watoto.

Wiki iliyopita tulikwenda kumsalimia shangazi yao anayekaa ghorofa ya tatu. Binti alifika juu bila shida, lakini mdogo wake alikwama njiani akiwa ameshika ubavu, anahema, na nilipomwita hakuweza hata kuitika. Nilimweleza mume wangu kwamba pengine watoto hawa wanakosa mazoezi. Akanijibu kuwa kijana anakabiliwa na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, kwamba hakuna aliyepata cheti kwa kukimbia, na kwamba mtoto wa kike anayekaribia kuvunja ungo hana cha kutafuta uwanjani. Simlaumu, kwa sababu anawatakia mema watoto wake, ila sikuridhika na jibu hilo.

Naomba wenye ujuzi mnieleze kwa kina: mazoezi yanaufanyia nini mwili wa mtoto hata yaonekane ni ya lazima, ni kiasi gani kinachotosha, na je, ni kweli kwamba yanashusha ufaulu?

MuuguziMstaafu

Wa alaikumu salaam, mwanangu. Nimeuguza watoto kwa miaka mingi katika mkoa wetu huu, na kabla ya kuingia kwenye swali lenyewe nitaanza na huyo kijana. Mtoto wa darasa la nne anayeshindwa kumaliza ngazi za ghorofa tatu asihukumiwe moja kwa moja kuwa ni mvivu au hajazoea. Mpeleke kituo cha afya apimwe wingi wa damu, minyoo, na sikoseli ikiwa hajawahi kupimwa, kisha asikilizwe kifua, kwa maana pumu ya watoto mara nyingi hujitokeza pale wanapokimbia au kupanda. Usimwanzishie mazoezi yoyote mazito kabla ya hapo.

Sasa nije kwenye ulilouliza. Moyo ni msuli, na ukifanyishwa kazi mara kwa mara hupata nguvu ya kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, ndiyo maana mtoto aliyezoea kukimbia mapigo yake huwa ya taratibu anapopumzika. Misuli nayo, inapofanya kazi, huchota sukari iliyomo kwenye damu, hivyo mwili haulazimiki kuzalisha kupita kiasi insulini, yaani homoni inayoshusha sukari ya damu, na hapo ndipo kinga dhidi ya kisukari cha aina ya pili inapoanza kujengwa, miaka mingi kabla ugonjwa wenyewe haujapata nafasi. Kuna pia usingizi mzuri, hamu ya kula na utulivu wa nafsi. Hayo wazazi wengi wanayaona kwa macho yao na sitayarefusha.

Ninalotaka kulirefusha ni suala la mifupa, kwa sababu halizungumzwi. Mfupa ni kiungo hai. Mtoto anaporuka na kutua, chembe hai zilizomo ndani ya mfupa huhisi ule mshindo, na mwili huitikia kwa kuongeza madini mahali palipobeba uzito. Lakini kazi hiyo ina wakati wake. Hadi asilimia 90 ya madini yote ambayo mifupa ya mtu itawahi kuwa nayo huwa yameshawekwa anapofikia miaka 18 kwa msichana na 20 kwa mvulana, na takriban robo nzima huwekwa katika miaka miwili tu ya kipindi cha kubalehe, pale mtoto anaporefuka kwa kasi. Wasichana hufikia kipindi hicho mapema kuliko wavulana, wengi wao wakiwa na miaka 12 au 13. Baada ya hapo mtu huishi kwa akiba aliyoiweka, na mwanamke anapokoma hedhi akiba hiyo huanza kupungua kwa haraka. Nimewauguza akina mama waliovunjika nyonga kwa kuteleza bafuni, na wengi wao hawakutembea tena kama zamani.

Kwa hiyo, mwanangu, umekuja na wasiwasi juu ya kijana, na una haki, lakini kwa upande wa mifupa ambaye muda haumsubiri ni binti yako. Baba yake anataka aondolewe uwanjani katika miaka ile ile ambayo mwili wake unauhitaji uwanja kuliko wakati mwingine wowote.

Kuhusu kiasi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku za shughuli inayoongeza mapigo ya moyo na kupumua, na angalau siku tatu kwa wiki kuwe na shughuli kali zaidi pamoja na zile zinazoimarisha misuli na mifupa. Si lazima dakika hizo zifuatane. Kumi za asubuhi, ishirini za mapumziko na nusu saa ya jioni zinahesabika sawasawa.

MwalimuWaMichezo

Shikamoo mama muuguzi, na salaam kwako dada yetu wa Makorora. Mimi nafundisha shule ya msingi hapa Tanga, nami nijibu suala la ufaulu kwa kuwa ndilo ninaloulizwa na wazazi karibu kila kikao.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichapisha uchunguzi uliofanywa kwa watoto wenye umri wa miaka tisa hivi. Siku moja kila mtoto alitembea kwa dakika 20 kwenye mashine ya kutembelea, siku nyingine alikaa ametulia kwa muda ule ule, na kila mara akapewa majaribio ya umakini na ya masomo. Baada ya kutembea walijibu kwa usahihi zaidi, na katika kusoma kwa ufahamu tofauti ilionekana waziwazi. Watoto wenyewe walikuwa 20 tu, hivyo sitaki kuutegemea uchunguzi huo peke yake, lakini tafiti nyingi zilizolinganisha shule zenye muda mwingi wa michezo na zile zenye muda mchache zimekubaliana katika jambo moja: kuongeza vipindi vya michezo hakukushusha alama za wanafunzi. Ninachokiona darasani kinaafikiana na hilo. Kipindi cha saa nane mchana, watoto waliokaa tangu asubuhi wanakodoa macho ubaoni bila kuona kilichoandikwa, na ukiwatoa nje dakika chache wakarudi, unafundisha darasa jingine kabisa.

Wazazi wa rika letu tunakumbuka mchakamchaka. Tulikuwa tukifika shuleni tunakimbia kwa kuimba, mwenye viatu na asiye navyo, kisha tunaingia kwenye gwaride na baadaye darasani. Shule nyingi zimeuacha, mara nyingi kwa hoja kwamba muda hautoshi, na mimi naamini kwa dhati kwamba tumepoteza kitu chenye thamani ambacho hakikuwa na gharama yoyote.

Tena mtu asidhani kwamba mazoezi ya mtoto ni lazima yawe na kocha na sare. Tazama mchezo wa rede unaochezwa na wasichana wetu. Wawili wanasimama pande mbili wakirushiana mpira wa soksi, na wa katikati anatakiwa ajaze chupa mchanga bila kupigwa. Mtazame huyo wa katikati kwa makini: anachuchumaa, anachota mchanga kwa kiganja huku macho yako kwenye mpira, anainuka ghafla, anaruka pembeni, anakimbilia upande wa pili, anageuka, anachuchumaa tena. Ndani ya dakika chache ameshatumia mapaja, mgongo, macho na akili ya kukisia mpira utatokea wapi. Ukijumlisha na kombolela pamoja na kuruka kamba, mtoto ametimiza saa yake bila kuambiwa kwamba anafanya mazoezi.

BabaWaPongwe

Nawaheshimu wote waliotangulia kuandika, lakini nina shaka yangu. Sisi tuliolelewa huku nje ya mji hatukujua kitu kinachoitwa mazoezi. Tulichota maji, tulikata kuni, tulikwenda shamba na kurudi, na shule tulikwenda kwa miguu. Leo mzazi anaambiwa ampangie mtoto dakika za kuruka, na huyo huyo mtoto akifeli mtihani lawama zinamrudia mzazi. Naona mambo haya yanakuzwa.

MwalimuWaMichezo

Kaka, hayo uliyoyataja ndiyo mazoezi yenyewe, na mwili hautofautishi kati ya ndoo ya maji na kifaa cha kunyanyua. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walifanya kazi katika basi moja, lakini dereva alikaa kutwa nzima ilhali kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, na makondakta ndio walioonekana kuugua moyo kidogo zaidi. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba wanafanya mazoezi.

Ugumu uko kwa mtoto wa mjini, ambaye bomba liko uani, gesi iko jikoni na bajaji iko mlangoni. Zile kazi zimemwondokea, na hakuna kilichowekwa mahali pake isipokuwa kiti cha darasani na simu. Dada wa Makorora akizungumza na dereva wa bajaji awashushe watoto mahali salama kabla ya kufika shuleni, wakamalizia njia kwa miguu pamoja na wenzao, atakuwa amewarudishia sehemu ya kile ambacho wewe ulikipata bure. Vilevile kijana afagie uwanja na kubeba ndoo kama dada yake, kwa sababu katika nyumba nyingi ninazozifahamu kazi hizo zimeachiwa wasichana peke yao.

UstadhWaNgamiani

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nimeona madrasa imetajwa miongoni mwa vinavyomaliza muda wa watoto, nami kama mwalimu wa chuo nina neno la kusema.

Dini haikutuamrisha kuwadhoofisha watoto. Imepokewa kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha, na kwamba muumini mwenye nguvu anapendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko muumini dhaifu, ingawa kwa wote wawili mna kheri. Basi mwalimu anayemfungia mtoto ndani tangu alasiri hadi magharibi bila kumpa hata nafasi ya kunyoosha miguu hana hoja ya dini ya kusimamia. Kwetu tumeweka utaratibu wa kuwaachia watoto wacheze uani kabla ya somo, wavulana upande wao na wasichana upande wao, na tangu tuanze utaratibu huo kuhifadhi kwao kumekuwa kwepesi na fimbo imekosa kazi. Dada, zungumza na ustadh wa watoto wako kwa adabu, umweleze hali ya kijana. Wengi wetu hatukatai, ila hatujaambiwa.

Kuhusu binti, stara haizuii mwili kufanya kazi. Suruali pana, gauni linalovuka magoti na mtandio uliobanwa vizuri vinamtosha kucheza netiboli au kuruka kamba pamoja na wasichana wenzake. Namwomba mumeo alifikirie hilo kwa utulivu. Na katika mwezi wa Ramadhani, watoto wanaojizoeza kufunga wasikimbizwe mchana. Wacheze baada ya futari, au matembezi mepesi kabla ya magharibi.

FundiMiwani

Naongeza jambo fupi kuhusu macho, kwa kuwa simu imetajwa na mimi kazi yangu ni miwani. Katika mji wa Guangzhou, China, shule kadhaa za msingi ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya masomo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitatu watoto waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa karibu 30 kati ya kila 100, wakati katika shule ambazo hazikubadilisha ratiba walikaribia 40. Wataalamu wanaamini mwanga wa nje ndio unaofanya kazi hiyo, kwa sababu hata chini ya mwembe kuna mwanga mwingi kuliko ndani ya chumba chenye taa. Kwa hiyo mtoto anayecheza nje anapata faida hii hata kama mchezo wenyewe si wa kukimbia.

MamaWaMakorora (muulizaji)

Nawashukuru sana, na Mwenyezi Mungu awalipe. Nilifuata ushauri wa mama muuguzi nikampeleka kijana akapimwa. Damu iko sawa, sikoseli hana, ila daktari alimkimbiza kidogo nje ya jengo, akamsikiliza kifua, kisha akanieleza kuwa ana pumu inayoamshwa na kukimbia. Amempa dawa ya kuvuta kwa pampu, na ametuelekeza namna ya kuitumia.

Mume wangu amesoma majibu yenu yote. Kwa binti ameridhia, kwa sharti la mavazi kama alivyoeleza ustadh, na kwamba acheze shuleni chini ya mwalimu wa kike. Lakini kwa kijana sasa anasema ndiyo basi, mtoto mwenye pumu asikimbie kabisa. Mama, ni sahihi? Na je, tukimpeleka baharini Raskazone akajifunze kuogelea, hiyo inatosha kuwa mazoezi yake?

MuuguziMstaafu

Mwanangu, nimefurahi kwamba mmepima na mmepata jibu. Mwambie baba watoto kwamba hofu yake ninaielewa, lakini kumkalisha mtoto mwenye pumu kunamdhuru kwa njia nyingine. Mtoto asiyetumia mwili wake huchoka kwa kazi ndogo, akichoka anahema, akihema familia nzima inaogopa, na kila siku anazidi kukatazwa. Pumu iliyodhibitiwa humruhusu mtoto kucheza karibu michezo yote, na wapo wanariadha wa Olimpiki walioshinda medali wakiwa nayo.

Fuateni aliyowaelekeza daktari. Mara nyingi, kwa pumu ya aina hiyo, mtoto huvuta dawa dakika 10 hadi 15 kabla ya mchezo, kisha anaanza kwa kutembea haraka na kukimbia polepole ili mapafu yazoee, si kutoka kitini na kuingia kwenye mbio moja kwa moja. Pampu iwe uwanjani, mkononi mwa mwalimu au kwenye mfuko wake, isiachwe nyumbani kabatini. Mwalimu aelezwe kwa maandishi. Siku akiwa na mafua au kifua kinabana tangu asubuhi, apumzike.

Kuogelea ni jambo jema sana kwake, kwa sababu hewa yenye unyevunyevu haikaushi njia za hewa kama inavyofanya hewa kavu. Ila baharini asiende bila mtu mzima anayejua kuogelea, aliye ndani ya maji pamoja naye na si ukingoni akichati. Waulizeni wavuvi au wenyeji wa pale saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kushuka, hasa siku za bamvua, kwa kuwa maji hujaa na kutoka kwa nguvu zaidi. Huko kuogelea kutamjenga moyo, mapafu na misuli. Hakutamjenga mifupa kwa kiwango kinachotosha, kwa sababu maji yanaubeba mwili na mfupa haupati mshindo niliousimulia hapo juu. Kwa hilo anahitaji kuruka.

Na kuruka kwenyewe si kwa muda mrefu. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, watoto wa shule wenye umri wa miaka kama kumi waliruka mara 10 tu kila kengele ilipolia, mara tatu kwa siku, na baada ya miezi minane mifupa yao ya nyonga ilikuwa imeongezeka madini kuliko ya wenzao ambao hawakufanya hivyo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005. Mfupa huitikia miruko michache yenye nguvu, kisha unahitaji kupumzishwa kabla haujaweza kuitikia tena, ndiyo sababu kugawa mara tatu kuna faida kuliko kuruka mara thelathini kwa mfululizo. Binti yako na mdogo wake wanaweza kufanya hivyo uani, asubuhi kabla ya bajaji, wakitoka madrasa na kabla ya kulala. Hakuna ada, hakuna kiwanja, na masomo hayaguswi.

Tanga yetu ina joto la unyevunyevu, hususan wakati wa kaskazi, kwa hiyo michezo ya kukimbia iwe asubuhi mapema au baada ya saa kumi jioni, na maji ya kunywa yawepo kabla mtoto hajalalamika kiu. Wasiruke wala kukimbia mara baada ya kula wakashiba.

Mwisho, kijana akianza kukohoa au kifua kikapiga mluzi, asimame, akae wima, avute dawa kama alivyoelekezwa, na asirudi mchezoni mpaka pumzi itulie. Ikiwa dawa haijamsaidia baada ya dakika chache, au anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo inabadilika rangi, msisubiri. Mpelekeni hospitali wakati huo huo huku mkiendelea kumpa dawa njiani. Na mtoto yeyote, awe na pumu au hana, akizimia katikati ya kukimbia au akilalamika maumivu ya kifua kila anapokimbia, apimwe moyo kabla hajaruhusiwa kucheza tena.